Muulize Mwalimu: Tensi za Kiingereza zinatukwamisha wapi hasa?

Karibuni tena kwenye safu yetu. Safari hii maswali mengi mliyotuma ni ya tensi za Kiingereza, kwahiyo nimeona niyajibu yote kwa pamoja, mengine kwa kirefu mengine haraka haraka kutegemea na uzito wake. Maswali nimeyafupisha kidogo ila hoja zenu nimeziacha kama zilivyo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nimekariri tensi zote 12 na majina yake, mazoezi ya kujaza nafasi nafanya vizuri tu, ila nikianza kuongea na mtu naganda kabisa. Halafu kuna hii kitu inaniudhi, nikisema "I have seen him yesterday" nasahihishwa, wakati kwa Kiswahili nikisema nimemuona jana hakuna anayeshangaa. Naomba unisaidie nielewe, sio nikariri tena.

JIBU: Marahaba, na nimefurahi ulivyosema unataka kuelewa maana hapo ndo penyewe. Hizo 12 zisikutishe. Zimepatikana kwa kuchukua nyakati 3, uliopita, uliopo na ujao, halafu kila wakati ukapewa hali 4, ya kawaida, ya kuendelea, timilifu, na timilifu inayoendelea, basi 3 mara 4 ndo hiyo 12 yako. Lakini kitenzi chenyewe cha Kiingereza kinabadilika sura kwa nyakati 2 tu, "work" au "works" kwa sasa na "worked" kwa zamani, mengine yote yanajengwa kwa kutanguliza vineno kama "will", "be" na "have", na ndo maana wataalamu wengi wa sarufi wanasema Kiingereza kina tensi 2 tu, wakati ujao hauna umbo lake wenyewe. Kwahiyo ukiwa unaongea usianze kutafuta jina la tensi kichwani, hilo jina ndo linakugandisha. Jiulize mambo mawili tu: hili jambo ni la lini, na kwa huo wakati ninaousema lilikuwa linaendelea au lilishakamilika?

Na hayo mawili unayafanya kila siku kwa Kiswahili bila hata kufikiri. Chukua "alikuwa anasoma", hiyo alikuwa inasema lini na hiyo anasoma inasema hali, Kiingereza nacho ni hivyo hivyo, "was reading". Alikuwa amesoma, "had read". Atakuwa anasoma, "will be reading". Atakuwa amesoma, "will have read". Yaani zile tensi zinazoogopwa kwa majina marefu ndo zinazofanana na za kwetu karibu neno kwa neno, shida yetu kubwa iko kwenye zile fupi fupi zinazoonekana rahisi.

Sasa tuje kwenye jana yako. Umbo la "have" na kitenzi, kwa mfano "I have seen", limesimama kwenye sasa. Jambo lilitokea huko nyuma ndiyo, lakini anayeongea anaangalia lilivyo leo. "I have lost my key" maana yake ufunguo mpaka sasa sina, nimesimama mlangoni siingii. "I lost my key" inasema tu kuna siku ulipotea, labda nimeshaupata, labda nilibadilisha kitasa, haijasema. Kwasababu "have" imesimama kwenye sasa haikubali kukaa na wakati uliofungwa, kama "yesterday", "last week", "two days ago", "in 2019", "when I was young". Ukitaja wakati wa aina hiyo basi rudi kwenye "I saw him yesterday". Inakubali wakati ambao bado uko wazi, "today", "this week", "ever", "never", "yet", "since Monday".

Na Kiswahili cha mazungumzo ndo kinachokuchanganya hapo, maana -me- tumeilegeza sana, nimefika jana, nimemuona juzi, tunasema na tunaelewana. Ila kuna sehemu Kiswahili hakijalegea, nayo ni kwenye kukanusha, na hii naomba uishike kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu. Igeuze sentensi yako iwe ya kukana halafu usikilize kinachotoka. Nimemuona jana ukikana unasema "sikumuona jana", husemi "sijamuona jana". Ikitoka -ku-, ni "did" na umbo la zamani, "I saw him", "I didn't see him". Ikitoka -ja-, ni "have". Nimekula, sijala, "I have eaten", "I haven't eaten". Nilikula saa mbili, sikula saa mbili, "I ate", "I didn't eat". Barua imefika? Hapana haijafika, "it hasn't arrived". Barua ilifika wiki iliyopita? Hapana haikufika, "it didn't arrive". Sikio lako linajua tofauti tangu utotoni, litumie.

Nyongeza ndogo, ukisikia Wamarekani wanasema "I already ate" au "Did you eat yet?" usishtuke, wao hutumia sana umbo la zamani mahali ambapo Waingereza wangependelea "I've already eaten". Zote utazisikia.

SWALI: Mwalimu mimi napokea simu kazini. Mtu alipiga akamuulizia mgeni wetu nikamjibu "He has slept", akanyamaza kama hajaelewa. Si tulifundishwa -me- ni "has"?

JIBU: Pole, na wengi tulifundishwa hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba -me- yetu inafanya kazi mbili. Kuna -me- ya jambo lililokamilika, amekula, amefika, ameandika, hiyo kweli ni "has". Halafu kuna -me- ya hali aliyomo mtu muda huu, amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, amekasirika. Hii ya pili Kiingereza hakiisemi kwa "has" hata kidogo, kinatumia "is": "he is asleep" au "he is sleeping", "she is sitting", "he is standing", "she is wearing a red dress", "I am tired", "she is angry". Hata vitu ni hivyo, mlango umefungwa ukiwa unaangalia hali yake ni "the door is closed", glasi imevunjika iko pale chini ni "the glass is broken". Na nimeelewa, ukiwa unamjibu anayekufundisha, kwa kawaida ni "I understand".

Ukisema "he has slept" mwenzako anaelewa kwamba ameshalala, usingizi umeisha, ameamka. Ndo maana alinyamaza, alikuwa anasubiri umpe simu.

Utazijuaje hizo -me- mbili? Weka "bado" mbele. Bado amelala, inakubali. Bado amekaa, bado amevaa koti, bado amechoka, zote zinakubali, kwahiyo ni hali, tumia "is". Bado amekula? Hapana. Bado amefika? Hapana, hakuna anayesema hivyo. Hizo ndo zinazochukua "has". Na ukienda zamani kanuni inakufuata, alikuwa amelala ni "was asleep", alikuwa amekula ni "had eaten".

SWALI: Kwanini "I am knowing" ni kosa wakati "I am going" ni sawa? Na hii "I am living here since 2015" ina shida gani? Naona iko vizuri tu.

JIBU: Zote mbili chanzo chake ni -na-. Nasoma kwa Kiswahili inaweza kuwa sasa hivi nasoma, kitabu kiko mkononi, au huwa nasoma, ni kawaida yangu. Kiingereza kimezitenganisha, "I am reading" ni sasa hivi, "I read" ni kawaida. Sasa kuna vitenzi ambavyo havina kitendo kinachoonekana kikiendelea, ni hali tu ya moyoni au ya umiliki, kama "know", "believe", "want", "own", "belong", "understand", hivi havipendi kabisa "-ing", kwahiyo najua ni "I know" hata kama unajua sekunde hii hii. "Have" inategemea, ikiwa ni kumiliki huwezi kusema "I am having a car", ila ikiwa ni kitendo cha kula unasema vizuri tu "I am having lunch". "Think" nayo vile vile, "I think you are right" ni maoni, "I am thinking about it" ni kichwa kinafanya kazi.

Kuhusu 2015, kwa Kiswahili ninaishi hapa tangu 2015 haina kosa lolote, tunatumia -na- na tunaridhika. Kiingereza hakiridhiki, kinataka uonyeshe kwamba jambo lilianza kule likavutwa mpaka hapa, na kazi hiyo ni ya "have": "I have lived here since 2015" au "I have been living here since 2015". "Since" inataja pale ulipoanzia, "for" inataja urefu, "for ten years". Na uwe makini maana "I lived here for ten years" inamwambia msikilizaji umeshahama!

SWALI: Naamka saa kumi na moja kila siku, nimekuwa nikiandika "I use to wake up at five". Ni sawa?

JIBU: Hapana. "Used to" ni ya mazoea yaliyokwisha, nilikuwa naamka mapema zamani siku hizi siamki. Kwa hiyo hu- yetu, huamka, huwa naamka, andika "I usually wake up at five" au "I wake up at five every day".

SWALI: Mwanangu anaandika insha nzuri zenye visa vitamu ila mwalimu wake anampiga wino mwekundu kila mstari, "He came and sit down and eat". Mimi mwenyewe nikisoma naelewa kabisa, sasa kosa liko wapi na namsaidiaje?

JIBU: Mzazi hongera kwa kumfuatilia. Mwanao anasimulia kwa -ka- bila kujua. Sisi tukisimulia tunataja wakati mara moja mwanzoni halafu -ka- inabeba zilizobaki: alikuja akakaa akala akaondoka. Hiyo akakaa haisemi yenyewe ni lini, inaegemea ile alikuja ya mwanzo. Ndo anachofanya mtoto, ameshasema "came" akaona kazi imeisha, zingine aziache uchi. Kiingereza hakina kitu kama -ka-, kila kitenzi kinavaa nguo zake mwenyewe, "He came, sat down, ate and left". Hata viwe kumi mfululizo, vyote vinavaa.

Sasa namna ya kumsaidia, usimwambie abadilishe namna anavyosimulia, mwache aandike kisa chote kwa raha zake kwanza. Akimaliza mpe penseli apigie mstari kila kitenzi bila kusahihisha chochote, apige tu mstari mpaka mwisho, halafu ndo arudi juu aulize kila kimoja, wewe ni wa zamani? Mbona hujavaa? Kutafuta makosa na kuandika kwa wakati mmoja kunaua kisa na kunamfanya mtoto aogope kuandika.

Akishazoea hapo mfundishe "had", maana kwenye kusimulia ndo inapong'aa. Mpe sentensi mbili, "When we arrived, the bus left" na "When we arrived, the bus had left". Ya kwanza tulifika ndo basi likaondoka, tuliliona, labda hata tulilipungia mkono. Ya pili tulipofika basi lilikuwa limeshaondoka, hatukuliona kabisa. Muulize nani alisimama peke yake kituoni bila kuona basi, atakujibu. "Had" ni ya kurudi nyuma ya zamani, kwa jambo lililotangulia lile unalosimulia. Lakini isiwe kila mahali, kuna watoto wakishaijua wanaijaza insha nzima na kisa kinapoteza mwendo, mambo yakifuatana kwa mpangilio wake zamani ya kawaida inatosha.

SWALI: "Does he knows?" na "Did she went?" mbona ni makosa, si yuko mmoja na si zamani?

JIBU: Alama ya wakati inawekwa mara moja tu. Ikishachukuliwa na "does" au "did", kitenzi kinabaki kitupu: "Does he know?", "Did she go?", na kukana ni hivyo hivyo, "He doesn't know", "She didn't go".

SWALI: Ningejua ningekuja. Nikaandika "If I would know I would come". Nimeambiwa nimekosea mara mbili kwenye sentensi moja, inawezekanaje?

JIBU: Inawezekana na nitakuonyesha zote mbili. Sisi tunaweka -nge- pande zote, ningejua ningekuja, ni pacha. Kiingereza hakitaki pacha, "would" inakaa upande wa matokeo tu, upande wa "if" inaingia zamani. Hilo la kwanza.

La pili linarudi kwenye lile swali la lini. Kiswahili fasaha kina -nge- na -ngali-, lakini kwenye mazungumzo wengi tunatumia -nge- kwa yote, ningejua inaweza kuwa ya sasa hivi na inaweza kuwa ya mwaka juzi, msikilizaji anajiongeza. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Ikiwa ni ya sasa, yaani hapa tulipo sijui na ningejua ningekwambia, sema "If I knew, I would tell you". Hiyo "knew" isikudanganye, haisemi jana, inasema jambo haliko hivyo, ni la kufikirika tu. Ikiwa ni ya jambo lililokwisha, sherehe imepita na wewe hukuwepo, rudi hatua moja nyuma zaidi, "If I had known, I would have come". Nadhani wewe ulikusudia hii.

Na kwasababu tuko kwenye "if", chukua hii ya faida. Akija nitamwambia, ni "When he comes, I will tell him" au "If he comes, I will tell him" kutegemea kama una uhakika wa kuja kwake. Sio "When he will come". Wanaokosea hapa mara nyingi wanatafsiri "atakapokuja", ile -ta- ya ndani inawavuta kwenye "will". Ukiifikiria kwa -ki-, akija, nikimaliza, mkifika, utaona haina -ta- na Kiingereza hakina "will", mnaenda sawa. Ni hivyo hivyo kwa "before", "after", "until" na "as soon as".

SWALI: Lini natumia "will" na lini "going to"? Kila kitabu kinasema lake.

JIBU: Zinapishana kidogo na mara nyingi hakuna atakayeona kosa, kwahiyo usilale macho kwa hili. Kama umeamua papo hapo au unaahidi, "will": simu inaita, "I'll get it". Kama ulishapanga kabla ya kufungua mdomo, "going to": "I'm going to change jobs". Kama mmeshakubaliana na mtu na muda mmepanga, hata sasa inayoendelea inatosha, "I'm meeting her tomorrow". Na ratiba za treni, ndege na vipindi hutumia sasa ya kawaida, "The train leaves at six", ingawa ni kesho. Ukiona dalili kwa macho, wingu limetanda, sema "It's going to rain".

SWALI: Vitenzi visivyofuata kanuni ni vingapi na navikaririje? Na pia "worked" nasoma "woked" nachekwa.

JIBU: Viko kama 200 hivi, ila vinavyotumika kila siku ni vichache zaidi na usivikariri kwa alfabeti, vikariri kwa familia. "Keep, kept", "sleep, slept", "feel, felt" ni familia. "Sing, sang, sung" pamoja na "ring", "drink", "swim". "Bring, brought" na "buy", "think", "catch". Wasiobadilika kabisa, "cut", "put", "hit". "Go, went" imekaa peke yake kwasababu "went" zamani ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", ikahamia kwa "go" ikabaki huko. Vitenzi vipya karibu vyote vinafuata kanuni ya "-ed", kwahiyo hiyo orodha haitakuongezekea.

Kuhusu matamshi, ile "-ed" inaongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d, "wanted", "needed". Kwingine haina irabu. "Worked", "asked" na "stopped" zinaishia na t, "played" na "called" zinaishia na d. Kiswahili kinapenda kila silabi iwe na irabu ndo maana mdomo unaisukumia, rudia "workt, askt, stopt" kwa sauti mpaka mdomo ukubali.

SWALI: La mwisho kutoka kwangu mwalimu, alisema anaumwa, ni "He said he is sick" au "he was sick"?

JIBU: "He said he was sick". Sisi tunayaacha maneno yake yalivyotoka mdomoni, anaumwa, Kiingereza kinayavuta kurudi hatua moja nyuma yafuatane na "said". Alisema amemaliza, "he said he had finished". Alisema atakuja, "he said he would come". Ukisema "he said he is sick" na mtu bado yuko kitandani hujakosea, wengi wanasema hivyo, ila kwenye ripoti, barua ya kazi au mtihani andika "was".